Chenga za oti si uji wa unga

Pakti ya oti iliyoandikwa "Steel Cut" ikishafika jikoni Mwanza, mara nyingi hupikwa kama uji wa ulezi. Maji yakichemka zinamwagwa, zinakorogwa dakika kumi, kisha mpishi anachungulia. Anachokiona ni maji yenye ukungu mweupe na vipunje vigumu vilivyolala chini kama kokoto za ufukweni. Anaongeza moto, vinashika sufuria. Anaongeza maji na kufunika, povu linapanda na kumwagika mpaka kwenye mkaa. Pakti inarudi kabatini na nyumba nzima inarudi kwenye chai na maandazi.

Nafaka haina kosa hapo. Kilichompoteza mpishi ni neno "uji". Ndani ya pakti ile hamna unga, wala zile oti bapa zinazolainika kwa dakika tano. Mna chenga, kwa maana ile ile ya chenga za mchele: punje nzima iliyokatwa vipande. Mtu yeyote aliyewahi kupika makande, au kuchemsha michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, mpaka ikalainika ya kuliwa na karanga, anaijua tayari kanuni ya chakula cha namna hii. Maji yanahitaji muda wa kuingia ndani, na moto mkali hauwezi kuchukua nafasi ya muda huo.

Jina kwanza, maana linachanganya. Tafsiri nyingi huita oti "shayiri". Shayiri ni nafaka nyingine, inayojulikana zaidi kwa kutengenezea bia. Oti, kwa jina la kitaalamu Avena sativa, hupenda nchi za baridi na mvua: Uskoti, Ayalandi, Kanada, Urusi na jirani zao. Kanda ya Ziwa hailimi oti za kula, kwa hiyo zinazouzwa mjini zimesafiri, na ndiyo maana bei yake ni mara kadhaa ya kilo ya mtama.

Kinachofanyika kiwandani

Punje ya oti imevikwa ganda ambalo binadamu hawezi kulila. Kazi ya kwanza ya kiwanda ni kukoboa ganda hilo tu. Kinachobaki ni kiini kizima, pumba zake zikiwa bado zimeshika na kiinitete kikiwa mahali pake. Kwa lugha ya mashine za hapa kwetu, hiyo ni dona, si sembe. Na hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalijui: oti bapa nazo ni dona. Muuzaji akisema chenga ndizo nafaka nzima na bapa zimeondolewa virutubisho, amekosea. Ukisoma maandishi ya nyuma ya pakti mbili zisizo na nyongeza yoyote utakuta takwimu zinakaribiana sana: kwa gramu 40 kavu ni kalori 150 hivi, protini gramu 5 na nyuzinyuzi gramu 4.

Baada ya kukobolewa, punje hupitishwa kwenye mvuke na joto. Sababu ni mafuta. Oti zina mafuta karibu gramu 7 katika kila gramu 100, zaidi ya mara mbili ya yaliyomo kwenye ngano au mchele, na ndani ya punje kuna kimeng'enya kinachoanza kuyavunja mafuta hayo mara tu punje inapopasuliwa. Bila joto la kukizima, oti zingepata uchungu na harufu ya sabuni. Dona iliyokaa sana kwenye ndoo huharibika kwa njia inayofanana na hiyo.

Kutoka hapo njia zinagawanyika. Punje zikipita kwenye visu vya chuma, kila moja hukatwa vipande viwili hadi vinne, na hizo ndizo chenga. Zikipigwa mvuke tena na kupitishwa kati ya magurudumu mazito ya chuma, zinabanwa na kuwa bapa. Chenga zenyewe zikibanwa nyembamba zaidi, zinatoka oti za dakika chache. Zile za kumwagia maji ya moto tu kikombeni ni nyembamba kuliko zote, zimeshaivishwa, na mara nyingi zimetiwa sukari.

Tofauti kubwa kati ya aina hizi, basi, ni unene, na unene ndio unaoamua muda wa jikoni. Chenga ina unene wa milimita mbili hivi, bapa haifiki hata moja. Unene ukizidi mara mbili, muda wa maji kufika katikati huzidi karibu mara nne. Ndiyo maana oti bapa zinaweza kuiva chai ikiwa bado inachemka, wakati chenga zinataka nusu saa.

Maji ya Mwanza huchemka mapema

Pakti nyingi huandika dakika 20 hadi 25. Muda huo umekadiriwa kwa jiko lililo karibu na usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyumba za milimani, kama Bugando au juu ya miamba ya Mabatini, ziko juu zaidi. Katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Nyuzi nne zinaonekana si kitu, lakini kwa chakula kinachoiva polepole zinaongeza dakika. Anayepika Dar es Salaam atamaliza kwa dakika 25. Mwanza weka hesabu ya 30. Kuongeza gesi hakupandishi joto la maji yanayochemka. Kunayakausha haraka tu.

Kipimo

Tumia kikombe kimoja kupimia chenga na maji, basi hutahitaji mizani. Kikombe cha mililita 250 hubeba chenga gramu 175 hivi, zinazotosha watu wanne. Ukitaka bakuli zito la kijiko, kikombe kimoja cha chenga kinakwenda na maji vikombe vitatu na nusu, kisha nusu kikombe cha maziwa mwishoni. Ukitaka uji wa kunywa, chenga si chakula chake. Hata ukiongeza maji mpaka vikombe sita, vipande vitazama na maji yatabaki juu. Wanaopenda uji wa kikombe wabaki na ulezi.

Sufuria iwe ya lita tatu kwa kipimo hiki, ingawa chakula chenyewe ni lita moja tu. Nafasi ile ya juu ni ya povu. Na iwe na kitako kizito. Sufuria nyembamba ya alumini hupokea moto sehemu moja, na hapo ndipo chenga hushika.

Anza na sufuria kavu na kijiko kimoja cha chai cha samli au mafuta. Tia chenga, kaanga kwa moto mdogo kama dakika tatu huku ukigeuza, mpaka zinukie kama karanga zinazoanza kukauka. Hatua hii si ya lazima. Inaongeza ladha, na mafuta yale yatasaidia baadaye kutuliza povu. Mwaga maji yanayochemka, sogeza uso pembeni kwa sababu mvuke hupanda ghafla. Tia chumvi robo kijiko cha chai. Yakichemka tena, punguza moto mpaka vipovu viwe vinatokea kimoja kimoja, kisha funika nusu, mfuniko ukiegemea mwiko.

Dakika 15 za mwanzo ziache. Mazoea ya uji wa unga yanamtuma mpishi akoroge bila kupumzika, kwa hofu ya madonge. Chenga hazifanyi madonge. Kuzikoroga mfululizo kunazikwangua wanga wake, na mwisho unapata gundi ya kubandikia karatasi yenye vipande vigumu katikati. Baada ya hapo pitisha mwiko chini ya sufuria kila dakika nne au tano, maana uji sasa umekuwa mzito na kitako ndicho kiko hatarini.

Kujua kama zimeiva, usitazame rangi. Chukua chenga moja, ibonyeze kati ya vidole. Ikipasuka na kuonyesha kidoto cheupe kikavu katikati, maji hayajafika. Ikiiva inabonyea yote, lakini bado ina ukaidi kidogo kwenye jino. Ukaidi huo ndio raha yake. Anayetaka laini kabisa amelipia bure chenga, angenunua bapa.

Maziwa yaingie dakika tano za mwisho. Yakitiwa mwanzoni, protini na sukari yake hushika chini na kuungua kabla chenga hazijaiva, na harufu ya maziwa yaliyoungua haitoki hata ukihamisha sufuria. Sukari nayo, kama ni lazima, ingoje mwisho. Kisha epua, funika, acha dakika tano. Uji utakaoonekana mwepesi wakati wa kuepua utakuwa mzito ukifika mezani.

Asubuhi hakuna nusu saa

Daladala ya Buhongwa au Kisesa haingoji chenga ziive, na nusu saa ya mkaa kila asubuhi ni gharama. Ipo njia inayofaa zaidi nyumba nyingi za hapa, na chombo chake karibu kila nyumba inacho: chupa ya kutunzia joto, lakini yenye mdomo mpana. Ile ya chai yenye shingo nyembamba itakupa tabu kuiosha.

Kwa chupa ya lita moja tumia robo tatu za kikombe cha chenga na maji vikombe vitatu. Kabla ya yote jaza chupa maji yanayochemka na uifunge, ipate joto ukutani mwake. Chemsha chenga na maji na chumvi kwenye sufuria kwa dakika tano kamili. Mwaga maji ya chupa, mimina chenga zikiwa bado zinatokota, funga mara moja. Ukifanya hivyo saa 3 usiku, saa 12 asubuhi bakuli la watu watatu liko tayari, na gesi uliyotumia haizidi ya kuchemshia chai. Chupa iwe imejaa karibu na mfuniko. Nafasi tupu ndani yake hula joto.

Kuna kipimo kimoja ambacho hakina mjadala. Asubuhi uji huo uwe bado wa moto kiasi cha kuchoma ulimi. Ukiukuta vuguvugu, chupa imechoka au haikupashwa, na chakula hicho kisiliwe. Nafaka hubeba mbegu za bakteria ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Zikikaa usiku kucha kwenye uvuguvugu huamka, huzaana, na sumu ya baadhi yake haiondoki hata ukichemsha tena. Kwa sababu hiyo hiyo, ule ushauri wa nchi za baridi wa kuchemsha oti dakika moja, kuzima moto na kuziacha kwenye sufuria mpaka asubuhi haufai jiko la Mwanza. Jikoni mwetu usiku hakupoi kiasi hicho.

Mwenye friji ana njia ya pili: loweka kikombe kimoja cha chenga katika vikombe vitatu vya maji, weka ndani ya friji, asubuhi pika na maji hayo hayo kwa dakika 12 hadi 15. Sufuria ya presha nayo inafaa, na inaondoa kabisa lile tatizo la nyuzi 96, kwani ndani yake joto hupanda kupita 100. Kikombe kimoja kwa maji vikombe vitatu, kijiko cha mafuta, usijaze zaidi ya nusu, dakika tano za presha kamili, kisha izime na uiache itulie yenyewe robo saa. Anayefungua vali haraka atapata povu la wanga likiruka mpaka darini, na vali ikiziba kwa wanga ni hatari.

Kuhusu povu la sufuria ya kawaida: chanzo chake ni wanga na ule utelezi wa oti, vinavyofanya ngozi ya kipovu iwe ngumu kupasuka, basi vinapandana. Mafuta kidogo huidhoofisha ngozi hiyo. Mwiko uliolazwa juu ya sufuria husaidia kidogo. Moto mdogo husaidia zaidi ya vyote.

Zikishika chini, usikwangue. Hamishia sehemu ya juu kwenye sufuria nyingine, ongeza maji ya moto, endelea. Zikibaki ngumu baada ya dakika 40, sababu karibu kila mara ni moja kati ya mbili: maji yalikauka kabla ya wakati, au pakti ilikuwa ya punje nzima zisizokatwa, ambazo huuzwa kwa sura inayofanana na huhitaji karibu saa nzima.

Utelezi una kazi

Utelezi huo ni mithili ya wa mlenda au bamia, na ndio unaozipa oti sifa yake. Unatokana na aina ya nyuzinyuzi iitwayo beta-glukani, inayoyeyuka kwenye maji na kuwa kama jeli. Tumboni, jeli hiyo hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Chini kidogo, kwenye utumbo, hunasa sehemu ya asidi za nyongo na kutoka nazo, hivyo ini hulazimika kutengeneza nyongo mpya, na malighafi yake ni kolesteroli inayochotwa kwenye damu.

Mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu watengenezaji kuandika kwamba oti husaidia kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, kwa kiwango cha gramu 3 za beta-glukani kwa siku ndani ya mlo usio na mafuta mengi mabaya. Chenga kavu zina asilimia 4 hivi. Bakuli la robo kikombe, yaani gramu 44, linatoa chini kidogo ya gramu 2. Kufikisha 3 kunataka karibu gramu 75 kavu, ambalo ni bakuli la mtu mwenye njaa hasa. Oti bapa zinatoa kiasi kile kile.

Faida ya unene iko kwenye kasi ya sukari. Chenga na bapa nene hupandisha sukari ya damu polepole, kipimo chake kikiwa karibu na 55 pale ambapo glukosi ni 100. Zile za papo kwa papo hupita 70. Mgonjwa wa kisukari achague chenga au bapa nene, apime robo kikombe kavu na si kukadiria kwa jicho, aongeze karanga badala ya sukari, na saa mbili baada ya kula kipimo chake cha kidole kitamwambia ukweli kuliko pakti. Dawa aendelee nazo kama alivyoelekezwa. Aliyekuwa hali nyuzinyuzi nyingi aanze na nusu ya kipimo kwa wiki moja, vinginevyo tumbo litaunguruma ofisini.

Mtu anayedhurika na ngano asizichukulie kuwa salama moja kwa moja, kwa kuwa oti mara nyingi huchanganyika na ngano shambani na mashineni. Atafute pakti iliyothibitishwa kwa ajili yake.

Cha kuweka juu

Zikiwa peke yake hazina makeke. Vijiko viwili vya karanga za kusaga kwa kila bakuli vinazibadilisha kabisa. Vitiwe baada ya kuepua, vikorogwe mpaka mafuta yachomoze. Ndizi mbivu iliyoanza madoa, ikipondwa na kuingizwa dakika tano za mwisho, inaondoa haja ya sukari. Mtindi mzito wa baridi juu ya chenga za moto ni mchanganyiko ambao mtu wa Usukumani hahitaji kushawishiwa. Chai ya rangi isogezwe saa moja mbele, kwani hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata. Kipande cha pera au papai hufanya kinyume chake.

Lakini pishi linalostahili kujaribiwa zaidi kando ya ziwa ni la chumvi. Pika chenga kikombe kimoja kwa maji vikombe viwili na nusu, bila maziwa, zikauke zaidi. Pembeni kaanga kitunguu, nyanya mbili na karoti iliyokwaruzwa. Dagaa wakavu wa mwalo wa Kirumba waloweke kwenye maji ya moto dakika tano, wasugue kwa viganja, uwaoshe mara tatu mpaka maji yasiache mchanga chini ya bakuli, kisha wakaange peke yao wawe wakavu ndipo wakutane na nyanya. Changanya na chenga, kamulia ndimu. Linakuwa kitu cha ukoo wa bokoboko, ila limeiva kwa robo ya muda.

Kuhifadhi

Joto huamsha tena uchungu wa mafuta, na wadudu wa nafaka hupenda oti. Pakti ikishafunguliwa, hamishia chenga kwenye chupa ya kioo au kopo lenye mfuniko wa kubana, mbali na jiko. Ukizilaza kwenye frijaza siku nne kwanza, mayai ya wadudu yaliyomo hufa. Kabla ya kununua zile za kupimwa rejareja, omba kunusa: harufu iwe ya nyasi kavu na karanga. Ikikumbusha rangi ya mafuta au sabuni, pita.

Zilizopikwa zikabaki, zisikae mezani zaidi ya saa mbili. Zitandaze kwenye chombo kipana zipoe haraka, funika, weka kwenye friji. Zitadumu siku tatu au nne. Asubuhi zitakuwa zimeganda kama ugali. Kata kipande, ongeza maji au maziwa robo kikombe kwa kila bakuli, bonyeza kwa mwiko juu ya moto mdogo mpaka ziachane na kuchemka kweli kweli. Kipande kilichoganda pia hukaangwa kwa samli kidogo pande zote mbili, kama kiporo cha ugali, na watoto hukipenda kuliko bakuli lenyewe.